Nani Atambeba Mama Marion

Kazi ya Wattie Haddow ilikuwa kubeba Kitabu. Alikuwa na kazi nyingine pia, kupiga kengele, kuchimba makaburi, kukung'uta vumbi kwenye mabenchi, lakini hizo hata mtu mwingine angezifanya. Kila Jumapili kengele ikishanyamaza, Wattie alitoka chumba cha pembeni na Biblia kubwa mikononi, akapanda ngazi za mimbari, akaiweka, akashuka. Hapo ndipo mchungaji alipopanda, na Wattie akamfungia mlango mdogo wa mimbari nyuma yake. Kijiji kizima cha Kirkfarden kilijua kwamba ibada haianzi mpaka Kitabu kipande. Bila Kitabu, anayesimama pale juu ni mtu tu aliyevaa nguo nyeusi.

Ndiyo maana wazee wa kanisa walikuja kwa Haddow Jumamosi ile, siku moja kabla ya mchungaji mpya kuletwa. Walikuja na matope yao mpaka ndani. Grizel, mke wa Wattie, aliwapa viti viwili vilivyokuwepo, waliobaki wakasimama. Aliyekuwa msemaji wao ni kaka yake Grizel mwenyewe, Gavin Purdie, mfumaji wa nguo, mtu mpole sana mpaka lizungumzwe kanisa.

"Shemeji," alisema Gavin, "kesho Kitabu kisitoke. Funga chumba, funguo tia mfukoni, kaa kimya. Huyo kijana wao akipanda apande mikono mitupu, watu wote waone."

"Na msimamizi wa Bwana Mkubwa akiniuliza?"

"Mwambie umekatazwa na kikao cha wazee. Wewe ni mtumishi wa kanisa au mtumishi wa Bwana Mkubwa?"

Wattie alitazama mikono yake. Swali lilikuwa jepesi kwa mtu aliye na nyumba yake mwenyewe. Bwana Mkubwa ndiye aliyekuwa na ardhi yote ya Kirkfarden, na kwa sheria ya nchi ndiye aliyekuwa na haki ya kuchagua mchungaji. Watu walikuwa wamemkataa huyo aliyechaguliwa, Bwana Tulloch. Wanaume wakuu wa kaya walisimama mmoja mmoja kanisani wakasema hapana, na aliyetia sahihi ya kumkaribisha alikuwa Rankine peke yake, mwenye kilabu cha pombe, ambaye kanisani alikuwa haonekani. Kesi ikaenda Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Mahakama ikasema haki ni ya Bwana Mkubwa, na watu wanyamaze.

"Amechagua mchungaji kama anavyochagua mbwa wa kuwindia," Gavin aliendelea. "Kanisa lina Mfalme mmoja tu, naye hakai kwenye jumba lile. Chini yake kuna wazee waliochaguliwa na watu. Basi. Tukikubali hili leo, kesho watatuletea maaskofu."

Kutoka kwenye kitanda cha ukutani, nyuma ya pazia, sauti ikaitikia. "Sema tena hilo la maaskofu."

Huyo alikuwa Mama Marion, mama yake Wattie, ambaye miguu yake ilikuwa imemkatalia tangu mavuno. Babu wa babu yake alipigwa risasi nyikani kwa kukataa maaskofu wa mfalme, na yeye alilizungumzia jambo hilo kama limetokea wiki iliyopita na muuaji bado yuko sokoni.

"Wattie," alisema bibi kizee, "umesikia. Usinitie aibu na uzee huu."

"Nimesikia, mama."

"Na nyumba?" aliuliza Grizel.

Wanaume wakageuka wote. Walikuwa wamesahau kwamba yumo.

"Nyumba hii ni ya mtumishi wa kanisa," Grizel alisema, "na anayeandika nani akae ndani ni msimamizi wa Bwana Mkubwa. Wattie akifunga kile chumba, Jumatatu tuko barabarani. Mimi nitalala popote. Mama je? Mnataka tumlaze kwenye toroli?"

"Mungu atatoa, dada."

"Atatoa wapi, Gavin? Kwako? Kwako mna watoto saba na mtambo wa kufumia umejaza chumba."

Gavin alikuna shingo. Mzee mmoja alikohoa. Ilikuwa kweli na kila mtu alijua ni kweli. Waliomba, maombi marefu mazuri, wakaenda zao. Grizel akachukua ufagio akatoa matope yao nje.

Jumapili kanisa lilifurika kama siku ya ushirika mkuu. Grizel alifika mapema kumpelekea mumewe kola safi, na ndivyo alivyokuwepo kwenye ujia wa chumba cha pembeni wakati Bwana Moncur, msimamizi wa mali za Bwana Mkubwa, alipoingia akikanyaga taratibu. Wattie alikuwa mbele ya mlango uliofungwa. Funguo zilikuwa mfukoni kama alivyoagizwa.

Moncur hakuuliza funguo. Alivua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Mama yako hajambo, Haddow?"

"Yuko hivyo hivyo, bwana."

"Bado amelala? Maskini. Na baridi ya mwaka huu si baridi ya kumtoa mgonjwa nje." Alimgeukia Grizel akamwinamia kidogo, kwa adabu kabisa. "Paa halivuji, mama?"

"Halivuji, bwana," Grizel alisema. Baadaye alijichukia kwa jibu hilo. Lakini paa lilikuwa halivuji kweli, na yeye alifundishwa kujibu anapoulizwa.

"Basi vizuri. Hebu tusichelewe."

Akasimama akingoja, huku anatazama dirishani. Wattie alimtazama mkewe. Grizel alijua kwamba akitikisa kichwa, hata kidogo, Wattie atakataa, kwa sababu alikuwa mtu wa kusukumwa upande wowote na wakati ule alikuwa anatafuta wa kumsukuma. Hakutikisa kichwa. Alimvisha kola, akaifunga, akaibana ikakaa sawa.

Kitabu kilipopanda, hakuna aliyepiga kelele. Watu walisimama, benchi kwa benchi, wakachukua Biblia zao ndogo na vigoda vyao na watoto wao, wakatoka. Kulikuwa na mlio wa viatu tu, muda mrefu. Gavin alipita karibu kabisa na dada yake, akitazama mbele. Juu ya mimbari Bwana Tulloch, kijana mwembamba mwenye masikio mekundu, alishika kingo za Kitabu na kutazama migongo ya watu. Walipokwisha, walibaki Moncur, Rankine, watumishi wachache wa jumba kubwa, na Grizel aliyekuwa amesimama nusu, mkono kwenye benchi, hajui aketi au atoke. Alikaa hivyo hivyo wimbo wa kwanza wote.

Wattie na Grizel hawakufukuzwa nyumbani. Hilo lazima lisemwe, Moncur alikuwa mtu wa neno lake. Hata makaa ya mawe waliletewa, gunia zima, wakati ambapo wengine walikuwa wanachoma vichaka.

Lakini kisimani wanawake walikuwa wakimwona Grizel wananyanyua ndoo zao na kumwachia nafasi, yote, kama mwenye ugonjwa. Hawakumtukana. Angefurahi kama mmoja angemtukana. Binti wa seremala, ambaye Grizel alimzalisha watoto wawili, alimwambia kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Usinisalimie mbele za watu, mama, tafadhali." Wattie alipoingia kwa mhunzi kunoa koleo lake, mhunzi alikumbuka kwamba moto umezimika, na moto unaonekana.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mama Marion hakuwa amesema neno na mwanawe tangu Jumapili ile. Alipokea uji kutoka mkononi mwa Grizel tu. Wattie akimkaribia, bibi aligeukia ukuta, na kwa kuwa kugeuka kulimuuma, alilia kidogo kwa maumivu kila mara, ndipo Wattie akaacha kumkaribia.

"Alifanya kwa ajili yako, mama," Grizel alimwambia siku moja, akimpangusa kinywa. "Usikae barabarani."

"Najua alifanya kwa ajili ya nani. Hicho ndicho kinachoniua. Amenibebesha mimi dhambi yake." Alimtazama Grizel usoni. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Afadhali wewe husemi uongo." Mkono wake mkavu uliibuka chini ya blanketi ukamshika Grizel kifundo. "Sikiliza, mwanangu. Yule kijana wa Bwana Mkubwa asiniguse. Asiniombee, na nikifa mkono wake usishike mti wa kunibebea. Nibebwe na watu wa Kirkfarden. Niapie."

Grizel aliapa. Ilikuwa rahisi, wakati ule. Nani asiyebebwa na watu wake? Miti ya kubebea majeneza ilikaa nyuma ya mlango wao miaka yote. Wattie ndiye aliyeitunza, na hakuna maiti wa parokia, maskini au tajiri, aliyewahi kukosa wa kumbeba. Watu walipokezana tangu mlangoni mpaka kaburini, na waliokosa zamu walinung'unika.

Mama Marion alifariki Jumanne, baada ya kula mkate wa shayiri uliolowekwa maziwa. Alikuwa amesema ni mtamu.

Mtu akifa Kirkfarden, mtumishi wa kanisa huchukua kengele ndogo ya mkono na kuzunguka kijiji, akisimama kila pembe na kutangaza nani amefariki na watu waje lini. Kwa hiyo Wattie alivaa kofia yake akaenda kumtangazia mama yake mwenyewe. Grizel alimwona kutoka kizingitini. Alisimama penye pembe ya mhunzi, akapiga kengele, akavua kofia.

"Ndugu wapendwa, dada yetu Marion Haddow ametutoka, kwa mapenzi ya Mwenyezi. Mnaalikwa kumzika kesho kutwa adhuhuri."

Mlango wa mhunzi ulikuwa wazi. Ulifungwa polepole, na kwa ndani mtu alirudisha komeo kwa uangalifu lisigonge. Wattie alivaa kofia akaenda pembe iliyofuata. Sauti yake ilianza kukatika huko mbele, ila kengele haikukatika.

Grizel alijitanda shali akaenda mtoni kwa kaka yake. Huko wenzake Gavin, wale waliotoka kanisani, walikuwa wanajenga kanisa lao wenyewe, kwenye ukanda wa kokoto ambao mto huufunika kila masika, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo Bwana Mkubwa hakuwa na hati. Kuta zilikuwa zimefika kiunoni. Gavin alimwona, akaweka jiwe chini, akaja akipangusa mikono.

"Pole, dada. Alikuwa mama yetu sote."

"Basi njooni mmbebe."

Gavin alitazama nyuma. Wanaume walikuwa wameacha kazi, wanasikiliza bila kuonyesha.

"Kikao kimeamua," alisema kwa upole. "Aliyembebea Kitabu yule mtu hatushirikiani naye mpaka asimame mbele ya watu akatubu, na kazi aache. Si mimi, Grizel. Ni kikao. Nilisema neno kwa ajili yenu, nikashindwa kwa kura."

"Akitubu leo, leo tunatolewa. Na maiti ndani."

"Najua."

"Na mama alikuwa upande wenu. Alikuwa upande wenu kuliko wewe, Gavin Purdie. Kosa lake ni lipi?"

"Hana kosa. Lakini tukiingia nyumba ile tukashika miti ile, halafu yule kijana akasimama pale kaburini na kanzu yake, Moncur ataandika Edinburgh kwamba Kirkfarden imerudi. Wanangoja hicho tu." Macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa chokaa. "Hata mimi silali vizuri."

Grizel alihisi hasira imempanda mpaka meno yakamgongana, na hakuna pa kuipeleka. Mtu huyu alimfundisha kusoma, kwa kidole, kwenye Zaburi.

"Bwana Mkubwa hakuniuliza nani awe mchungaji," alisema. "Mahakama haikuniuliza. Siku ya kura mlisimama nyinyi wenye suruali, mimi na mama hatukuulizwa. Sasa kikao kimekaa, na sikuulizwa tena. Niambie tofauti, kaka. Mimi sijasoma kama wewe. Niambie tu tofauti iko wapi, niende nayo nyumbani."

"Tofauti ipo," alisema Gavin.

"Basi iseme."

Lakini aliinama akaokota jiwe lake, na Grizel akaondoka. Nyuma yake mawe yakaanza tena kugongana.

Siku ya maziko ilikuwa ya mvua nyembamba. Grizel alikuwa amepika na kuweka meza kama desturi: jibini, mkate, kiasi cha pombe kali cha kuwapasha joto waombolezaji. Alikuwa ameazima vikombe kwa watu wa jumba kubwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwazima. Vikombe vilijaa meza. Alikuja Rankine, amenyoa. Akaja mtunza farasi wa Bwana Mkubwa, kijana aliyetumwa na Moncur, akajitambulisha mlangoni kama anayeleta mzigo. Wakanywa wakatazamana. Wattie alichomoa miti miwili nyuma ya mlango. Miti miwili ni watu wanne, na wao walikuwa watatu.

"Tungoje kidogo," alisema Rankine. "Labda mvua imewachelewesha."

Wakangoja. Alikuja Bwana Tulloch. Alisimama kizingitini bila kuingia, maji yakimtiririka kwenye ukingo wa kofia.

"Niliona hamjatoka," alisema. "Nikafikiri labda... Mimi nina nguvu zaidi kidogo kuliko ninavyoonekana. Kama mtaniruhusu."

Rankine alishusha pumzi. Wattie alifumbua kinywa kushukuru, maana yeye hakujua habari ya kiapo.

"Hapana, mchungaji," alisema Grizel. "Alikataa. Alikutaja."

Masikio ya kijana yaliiva. Hakuuliza alitajwaje. "Alikuwa na haki," alisema. "Tangu nije hapa nimewazika watatu, na hakuna hata mmoja ambaye ndugu zake walinipa mkono. Nilidhani nikifika nitawazoea." Akasogea kando ya mlango, lakini hakuondoka.

"Basi nani?" aliuliza Wattie. Ilikuwa mara ya kwanza kusema siku ile. "Nani, Grizel? Mama atakaa hapa mpaka lini?"

Mwanamke wa Kirkfarden haendi kaburini. Huishia mlangoni, anatazama, kisha anarudi kuosha vikombe. Mama yake Grizel aliishia mlangoni, na bibi yake pia. Grizel alijifunga shali kwa nyuma, akashika ncha ya mti upande wa kichwa, mkabala na mumewe.

"Mimi ni mtu wa Kirkfarden," alisema. "Nyanyueni."

Jeneza lilikuwa zito kuliko bibi aliyekuwa ndani. Mtaa wa kwanza alienda vizuri. Milango ilikuwa imefungwa, ila mapazia yalikuwa yanacheza. Nyuma yao, mbali kidogo, Bwana Tulloch alifuata na kofia mkononi. Barabara ikateremkia mtoni, ikapita kando ya ule ujenzi, kisha ikaanza kupanda mlima wa kanisa, na hapo matope yalikuwa ya kuzama kifundo.

Walipokaribia ujenzi, mawe yalinyamaza. Wanaume walijipanga ukutani, kofia zikatoka kichwa kimoja baada ya kingine. Walikuwa watu ishirini na zaidi, wenye mabega, na Mama Marion aliwajua wote tangu wanavaa magauni ya utotoni. Gavin alikuwa mbele, nywele zimemlowa. Grizel alimtazama na hakuficha kitu usoni. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, mti unamteleza.

"Gavin," alisema, si kwa kelele. Wangeweza kusikia wote.

Kaka yake alipiga hatua moja. Mzee aliyekuwa karibu naye hakumshika, alimtazama tu. Gavin akasimama palepale kwenye hatua ile, kofia ameikunja kifuani, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watu. Hakuja.

Mguu wa Grizel uliteleza mlimani, karibu na mwanzo tu. Goti likagonga jiwe, jeneza likainama upande wake, na ndani kitu kikasogea, kile kichwa kidogo alichokisuka mwenyewe jana yake. Wattie alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Grizel alishika mti kwa mikono yote miwili, akapiga magoti kwenye matope, na hakuweza kuinuka nao. Alijaribu. Watu wote wale walimwona akijaribu.

Kisha uzito ukapungua. Mikono miwili myeupe, isiyo na sugu hata moja, ilishika mti karibu na mikono yake.

"Achia, mama," alisema Bwana Tulloch. "Utaumia."

"Niliapa."

"Najua. Achia."

Akaachia. Hakuna jambo lingine alilokuwa na nguvu ya kulifanya. Jeneza liliinuka likanyooka, Wattie na mchungaji mbele, Rankine na mtunza farasi nyuma, wakapanda na Mama Marion wakiwa sawa hatua kwa hatua, vizuri kuliko walivyoanza. Chini, kofia zilirudi vichwani. Baada ya kitambo jiwe moja likagonga jingine.

Grizel alibaki barabarani kwa magoti, hakwenda kaburini wala hakurudi nyumbani. Alisikia sauti ya kijana ikisoma kule juu, bila kusikia maneno. Alipoinuka alitazama viganja vyake, akavipangusa kwenye sketi, akavipangusa tena, halafu akateremka kwenda kuosha vikombe vya watu.